MAISHA YA TOM MBOYA, MSEMAJI WA WASIOSIKILIZWA



Katika darsa yetu ya hapa Luanda Kotieno vijana wametuuliza zaidi ya mara moja suala hili: mtu aliyedhulumiwa, akenda kushitaki asisikilizwe, akarudi tena asisikilizwe, afanye nini? Suala hili halikuulizwa kwa upole. Lilikuwa na ghadhabu ndani yake. Na sisi tuliokaa mbele, tuliozoea kujibu masuala ya udhu na ya mirathi, tuliwajibu upesi kwa kuwausia subira, kisha tukafunga vitabu vyetu tukaenda zetu. Baadaye, tulipokaa wenyewe kwa wenyewe, tuliona ya kuwa jibu letu lilikuwa pungufu. Subira ni amri, hapana shaka. Lakini kumwambia mtu asubiri kabla ya kumsikiliza ni kumwongezea dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa hivyo tumeona bora tuandike hapa khabari za mtu ambaye kaburi lake liko ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kila siku. Mwenye kupanda feri hapa kwetu, akashuka Mbita, akavuka kuingia kisiwa cha Rusinga, atafika mahali paitwapo Kasawanga. Hapo ndipo alipozikwa Bwana Tom Mboya. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkatoliki. Wala hatumwandiki ili kumtukuza kupita kiasi, kwani alikuwa na makosa yake, nayo tutayataja. Twamwandika kwa sababu kazi yake tangu ujana ilikuwa kuichukua ghadhabu ya watu wasiosikilizwa na kuifanya maneno yenye kufahamika. Na kwa sababu yaliyotokea baada ya kuuawa kwake yanaonyesha ghadhabu hiyo hugeuka nini inapokosa msemaji na kukosa masikio. Hekima huokotwa popote ilipo, na mwenye kuiacha kwa kuwa imetoka kwa mwingine amejinyima mwenyewe.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la Mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mtu wa Rusinga aliyekwenda huko kutafuta kazi, akawa msimamizi wa wafanyakazi. Basi mtoto alikulia katika nyumba za wafanyakazi, mbali na ziwa la wazee wake, kati ya watu wa makabila mbalimbali. Na tangu udogo alizijua lugha za watu wengi. Jambo hili lilimfaa sana baadaye. Mwenye kutaka kuwasemea watu, lazima kwanza afahamu wanasema nini.

Alisoma katika shule ya misheni Kabaa, Ukambani, kisha akaletwa Nyanza, akaingia St. Mary's Yala mwaka wa 1942. Mwaka wa 1946 alikwenda Mang'u, shule iliyokuwa na sifa kubwa. Lakini karo ilimshinda baba yake, na mtoto hakuweza kuendelea mpaka mwisho. Akaingia chuo cha kufundishia wakaguzi wa afya, Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi hakutozwa karo. Alipomaliza akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya.

Twawaomba vijana wetu waliotolewa shuleni kwa ajili ya karo walikumbuke jambo hili. Mtu huyu hakupata cheti alichokitaka. Mlango mmoja ulifungwa, akaingia wa pili, na alipokuwa ndani hakukaa bure.

MTU ALIYESIMAMA ASIONEKANE

Katika kazi yake hiyo ya kwanza alipambana na jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote, na mwenyewe alilisimulia katika kitabu chake. Siku moja alikuwa peke yake katika maabara ya Baraza la Jiji, akipima maziwa. Akaingia bibi wa Kizungu mwenye chupa ya maziwa mkononi. Bibi yule akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapana mtu mahali pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamjibu kwa adabu yenye ukali kidogo ya kuwa labda macho yake yana kasoro. Bibi akakasirika, akataka kazi yake ifanywe na Mzungu.

Jambo lenyewe huenda likaonekana dogo. Hakupigwa, wala hakufungwa. Lakini mwenye kutafakari ataona ya kuwa dhulma zote kubwa huanzia hapo. Kabla ya kumnyang'anya mtu haki yake, kwanza humwona si mtu. Ukimwona si mtu, utamsikiaje? Na Mwafrika katika zama zile, hata akiwa na cheti na kazi ile ile, alipewa mshahara mdogo mno kuliko wa Mzungu aliyefanya kazi pamoja naye.

Sasa mtu aliyeonewa namna hii ana njia tatu. Aweza kunyamaza, moyo wake ukaoza. Aweza kupiga, akapigwa zaidi. Au aweza kutafuta wenzake waliopatwa na yale yale, wakakaa, wakayaandika madai yao, wakachagua wa kuyapeleka. Mboya alichagua njia ya tatu. Mwaka wa 1952 alichaguliwa kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, naye akakigeuza kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.

MLANGO ULIOBAKI WAZI

Kuomba kusikilizwa halikuwa jambo jipya kwa watu wa pwani hii ya ziwa. Tarehe 23 Disemba 1921, kabla ya Mboya kuzaliwa, watu walikusanyika Lundha, katika Gem, wakiongozwa na vijana waliosoma kama Jonathan Okwiri. Walilalamikia kodi, kipande, kazi za kulazimishwa, na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni mwaka wa 1920 bila ya wenyewe kuulizwa. Mkutano wao uliitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Jina hilo peke yake ni somo. Hawakusema kuwa nchi imepiga wala nchi imechoma. Walisema, nao walitarajia jibu.

Lakini miaka thelathini ilipita, na malalamiko mengi ya Waafrika katika Kenya yalikuwa bado pale pale, hasa ya ardhi. Oktoba 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Viongozi wa chama cha KAU wakakamatwa. Kati ya waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Jomo Kenyatta alikuwamo Bwana Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma, nchi yetu hii. Aliyeshika uongozi wa KAU baada yao, Bwana Walter Odede wa Nyanza ya Kati, naye akawekwa kizuizini mwaka wa 1953. Katika Juni mwaka huo chama chenyewe kikapigwa marufuku.

Hapo mlango wa siasa ukawa umefungwa kwa kufuli. Ukabaki mlango mmoja mdogo, wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1953 Mboya, kijana wa miaka 23 tu, akafanywa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, wakakamatwa maelfu kwa maelfu ya watu, na ndani yao wafanyakazi na viongozi wao. Mboya aliandika, alilalamika, alipeleka khabari mpaka Ulaya kwa mashirika ya wafanyakazi. Hakutia mafuta kwenye moto. Alisema tu kwamba watu hawa wana haki zao, na serikali yenye kuwafungia mdomo inawafundisha kutumia mikono.

MGOMO WA BANDARI YA MOMBASA

Tukitaka kujua elimu ya mtu huyu, na tutazame yaliyotokea Mombasa mwezi wa Machi 1955.

Makuli wa bandari ya Mombasa walikuwa na kinyongo cha muda mrefu. Mishahara ilikuwa midogo, na maisha ya mjini ni ghali. Mwaka wa 1947 mji mzima uligoma, na kiongozi wao, Bwana Chege Kibachia, akakamatwa mwaka huo huo akapelekwa mbali. Serikali ilidhani kuwa kumwondoa msemaji ni kuyaondoa maneno. Sivyo. Miaka minane baadaye maelfu ya makuli waliacha kazi tena, meli zikakaa bila ya kupakuliwa. Nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari, na watawala walikuwa wepesi kuuona kila mkusanyiko kuwa ni uasi.

Mboya akateremka kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Alikuta pande mbili zisizosemezana. Upande mmoja, watu wamejaa hasira na hawana imani na ahadi yoyote. Upande wa pili, matajiri wa bandari wasemao kuwa hawatazungumza mpaka watu warejee kazini. Kila upande ulikuwa na ukweli wake kidogo, na kila upande ulikuwa na kiburi chake. Yeye alikwenda kwa wote wawili. Aliwaendea matajiri akawaeleza, kwa hesabu, mtu anapata nini na anatumia nini. Kisha akasimama mbele ya makuli na kuwasihi warejee kazini, madai yao yapelekwe mbele ya wasuluhishi.

Ndugu zetu, kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kuwaambia wakubwa maneno makali huku watu wakikushangilia si tabu. Tabu ni kusimama mbele ya watu wenye hasira, watu wa upande wako, na kuwaambia kuwa leo tupoe. Aliyefanya hivyo bila ya kuaminika hupigwa mawe. Makuli walimwamini, wakarejea. Wasuluhishi wakakaa, wakasikiliza, na hukumu ikatoka kwamba mishahara iongezwe kwa kiasi cha asilimia 33, yaani thuluthi moja. Kijana aliyefanya kazi hii alikuwa hajatimiza miaka 25.

Sasa na tujiulize. Kama thuluthi ile ilikuwa haki yao siku ya hukumu, haikuwa haki yao mwezi mmoja kabla? Kilichoongezeka ni nini? Kilichoongezeka ni masikio tu.

BARAZANI NA SERIKALINI

Baada ya hapo alikwenda Uingereza, akasoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi mwaka wa 1956. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa wanane, Mboya akiwa mjumbe wa Nairobi na Bwana Oginga Odinga mjumbe wa Nyanza ya Kati. Wanane hawa walikataa vyeo vya uwaziri mpaka Waafrika wengi zaidi wapate sauti. Disemba 1958 Mboya aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, naye ana miaka 28. Mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani iliondoka na vijana 81, na wengine mamia wakafuata katika miaka iliyokuja.

Januari 1962 alimwoa Bi Pamela, binti wa yule yule Bwana Walter Odede. Mwaka huo akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini mapatano ya namna ya kuendesha mashauri yao: kwanza mazungumzo, kisha usuluhishi, na mgomo uwe wa mwisho. Mwaka wa 1964 ikaundwa mahakama ya mashauri ya kazi. Elimu aliyoipata Mombasa aliiandika sasa iwe kanuni ya nchi, ili mfanyakazi asihitaji kuisimamisha meli ndipo asikilizwe. Baada ya uhuru alishika wizara ya Sheria na Katiba, kisha ile ya Mipango ya Uchumi.

MAKOSA YAKE

Tuliahidi kuyataja makosa yake, na ahadi ni deni.

Mboya na Odinga, watoto wawili wa ziwa moja, walitofautiana. Odinga aliwasemea waliolalamika kuwa uhuru umekuja lakini ardhi na mali zimebaki kwa wachache. Mboya aliona kuwa nchi yahitaji mtaji na utulivu kwanza. Kutofautiana rai si dhambi. Kosa lilikuwa katika namna ya kuimaliza tofauti hiyo. Machi 1966, katika mkutano wa chama cha KANU huko Limuru, mkutano ambao Mboya akiwa katibu mkuu alikuwa fundi wake, cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Odinga kilivunjwa, vikawekwa vyeo vinane mahali pake. Odinga akajiuzulu serikalini, akaongoza chama cha KPU, na Achieng Oneko akamfuata. Mara katiba ikabadilishwa ili wajumbe waliohama chama warudi kupigiwa kura upya.

Tazameni mambo yalivyogeuka. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuwafungulia mlango wasiosikilizwa, sasa alisaidia kuufunga mlango kwa ustadi wa mikutano na vifungu vya sheria. Wala hakubaki salama nyuma ya mlango ule. Watu wengi wa Nyanza walimpa kisogo. Mei 1969, katika uchaguzi mdogo wa Gem, mgombea wa KPU alimshinda mgombea wa KANU, na ushindi huo ulifahamika kuwa ni jibu la watu wa ziwa kwa upande wa Mboya pia. Na huko Nairobi, ndani ya serikali yenyewe, kulikuwa na wakubwa waliomwogopa kwa sababu ya urithi wa urais. Hivyo akawa baina ya moto na maji, hana kwao kamili upande wowote.

KUUAWA KWAKE

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, kiasi cha saa saba mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa Nairobi, katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Akapigwa risasi mlangoni, akafa. Alikuwa na miaka 38. Kijana aitwaye Nahashon Njenga Njoroge alishitakiwa kwa mauaji hayo, akahukumiwa, na akanyongwa mwaka huo huo. Walakini suala la nani aliyemtuma halikupata jibu lililowatuliza watu, na mpaka leo halijapata.

Hapo lilitokea jambo la kuzingatiwa. Watu wale wale wa Nyanza waliomkataa katika kura miezi miwili nyuma walimlilia kama mtoto wao wa pekee. Hawakuwa wanafiki. Walihisi kuwa risasi ile haikumpiga mtu mmoja, bali imewaambia wote kuwa hawana nafasi katika nchi hii. Siku ya ibada yake katika Kanisa Kuu la Holy Family, Nairobi, watu walijaa barabarani, gari la Rais likazomewa na kutupiwa mawe, na polisi wakatumia marungu na moshi wa kutoza machozi. Maiti ikasafirishwa kupitia Bonde la Ufa na Kisumu mpaka Rusinga, na njia nzima watu walisimama wakilia.

Walikuwa na suala moja, na walistahili kujibiwa na mtu mzima kwa maneno ya heshima. Hawakujibiwa.

SIKU YA KISUMU

Zikapita wiki 16 kamili. Jumamosi tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ndiyo maana watu waliiita Russia. Leo inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Hospitali ni jambo la kheri. Lakini watu walikuja na kilio cha Julai bado kimo kooni. Walipiga kelele za upinzani. Rais na Odinga wakajibizana kwa maneno makali hadharani, mbele ya umati. Msafara ulipoondoka mawe yakarushwa, na walinzi wakawafyatulia watu risasi. Wakafa watu, na ndani yao watoto. Serikali ilitaja wafu 11. Wengine wamesema walikuwa wengi zaidi ya hao.

Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ikapigwa marufuku. Odinga akawekwa kizuizini mpaka mwaka wa 1971. Achieng Oneko wa Uyoma, aliyefungwa na Mwingereza kwa kudai uhuru, akafungwa tena na serikali ya uhuru, asitoke mpaka 1975. Na tume ya nchi iliyopewa kazi ya kuchunguza dhulma za zamani ilitoa ripoti yake Mei 2013, ikiyataja mauaji ya Kisumu. Hesabuni wenyewe: miaka karibu 44 ilipita. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alikuwa mtu mzima mwenye mvi.

Katika miaka hiyo watu wa pwani hii walijifunza somo baya, kwamba kusema hakuna faida. Mwenye kuliamini somo hilo huwa na mambo mawili tu, kunyamaza au kurusha jiwe. Ndiyo maana kila baada ya miaka, uchaguzi ukija na ugomvi wake, barabara za Kisumu huwaka matairi, na wanaokufa ni watoto wa masikini.

YATUPASAYO

Kutokana na maisha ya mtu huyu twaona mambo matatu.

Kwanza, ghadhabu ya watu ni khabari. Ni kama homa mwilini: ina maana kuna ugonjwa. Tabibu mwenye akili haipigi homa kwa bakora. Huuliza wapi panauma. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alidaiwa na mtu kwa maneno ya ukali mbele ya masahaba, nao wakataka kumwadhibu. Akawakataza, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe kwa wema. Na Bi Khawla alipokuja kumlalamikia mumewe, kilio chake kilisikiwa mbinguni, ikashuka Qurani kwa ajili yake. Sayyidna Umar, alipokuwa khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyo huyo, sasa ni mzee, akasimama akamsikiliza mpaka akamaliza. Sisi ni nani tusiosimama?

Pili, mwenye kulalamika naye ana wajibu. Mboya hakwenda kwa matajiri wa bandari na matusi; alikwenda na hesabu. Alijua mtu analipwa nini na kodi ya nyumba ni kiasi gani. Vijana wetu wa ufukoni wanaosema kuwa wanapunjwa katika samaki wasema kweli kwa tunavyoona; lakini je, wameandika ratili ngapi ziliuzwa, kwa bei gani, siku gani, na nani? Je, wamemchagua mtu wa kuwasemea wanayemwamini hata akiwaambia wapoe? Jiwe halina hesabu. Likirushwa, mwenye kudhulumu hupata kisingizio alichokuwa akikitafuta, na shauri huwa si samaki tena bali ni fujo.

Tatu, mwenye kusikiliza leo aweza kuwa kiziwi kesho, akipewa kiti. Jambo hili lilimpata Mboya mwenyewe, mtu mwenye akili kuliko wengi wetu. Basi tusitazame serikali peke yake. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliingia barabarani kupinga mswada wa fedha. Tarehe 25 waliingia mpaka Bungeni, damu ikamwagika, na kesho yake Rais akasema hatautia saini. Sote tuliuliza kwa nini asisikilize mpaka watu wafe. Suala hilo ni la haki. Walakini katika kamati za misikiti yetu, katika nyumba zetu, katika darsa yetu hii, ni kijana gani aliyewahi kusikilizwa kabla ya kupandisha sauti? Tumewafundisha kwa vitendo kuwa asiyepiga kelele hasikiwi, kisha twawalaumu kwa kelele.

Kwa hivyo, baada ya kuyasoma haya pamoja, tumekubaliana katika darsa ya kuwa kila Alkhamisi baada ya Isha tutakaa saa moja kuwasikiliza vijana na kina mama wenye malalamiko, ya samaki, ya karo, hata ya msikiti wenyewe. Katika saa hiyo wazee hawatatoa mawaidha. Mmoja ataandika, na Alkhamisi ya pili yake tutasoma tulichofanya na tusichoweza kufanya. Wale vijana waliotuuliza suala lao nasi tukafunga vitabu, twawaomba radhi kwa kalamu hii, na twawaomba warudi, walete na hesabu zao.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe ndimi zenye kusema haki na masikio yenye kuistahimili. Amin.